Miguu ya Mama Ukutani

Nyevu alitoka dukani na ndoo ya rangi nyeupe mkononi, hajaaga mtu, na aproni ya kazi bado iko shingoni. Mwenye duka alimwita, akamwita tena, asigeuke. Uvumilivu ulikuwa umemwisha. Tangu Jumapili jioni simu yake haikupumzika, wala chakula hakikumshuka vizuri, na yote hayo ni kwa ajili ya mwanamume mmoja wa Mikindani ambaye, katika kuta zote za Mombasa, hakuona ukuta wa kuchorea ila ule wa ghala linalotazamana na lango la soko la Kongowea, na katika wanawake wote wa dunia hii hakuona wa kumchora ila mama yake Nyevu.

Tena amchore vipi. Angemchora amesimama, kavaa gauni lake la kanisani, watu wangenyamaza. Yeye alimchora ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, anachambua vitunguu, miguu kainyoosha mbele, nguo imepanda hadi magotini kwa sababu ya joto, na mdomo umefunguka kwa kicheko, pengo la jino la mbele linaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Mama mwenyewe ni mfupi, akisimama hafiki begani kwa Nyevu. Pale ukutani alikuwa mrefu kuliko lori.

Hayo yangesameheka kama mchoraji angekuwa mtu baki. Lakini Griffin Odhiambo ndiye aliyekuwa anakuja Jumamosi nyumbani kwao Magogoni, pamoja na wazee wake, kujitambulisha kwamba anataka kumwoa Nyevu. Na kwao Nyevu mkwe hatazamani na mama mkwe. Akikutana naye njiani huinamisha macho akampisha. Hali naye sinia moja, hakai naye mkeka mmoja, na wakiwa na la kuambiana humtafuta mtu wa katikati awasemee. Kwao Griffin, kwa Wajaluo, mambo ni hayo hayo, pengine makali zaidi. Sasa huyu alikuwa amemtazama mama mkwe wake muda wote wa kazi, goti la kushoto na goti la kulia, kisha akawaonyesha na abiria wa Malindi.

Mjomba Kombe, kaka yake mama, ndiye aliyeiona picha kwanza. Ilimfikia kwenye simu katika kundi la ukoo, imetumwa na binamu mmoja wa Kaloleni aliyedhani ni jambo la kujivunia. Mjomba aliivuta picha kwa vidole mpaka akalisoma jina dogo la mchoraji kule chini pembeni, akauliza ni nani huyo, akaambiwa. Amani ikaishia hapo. Alisema ukuta upakwe nyeupe kabla ya Jumamosi, la sivyo wageni wasijisumbue kutoka Mikindani. Wakija watakuta mlango umefungwa na yeye ameketi nje, ufunguo mfukoni. Nyevu alimwuliza mama anasemaje. Mama alichukua beseni akaenda kuanua nguo.

Na huko Mikindani, mama yake Griffin, Rosalia, alikuwa amekwisha kununua sukari na unga, na leso za mama mkwe amezikunja kwenye begi jipya. Nyevu alilijua hilo kwa sababu Griffin alimtumia picha ya begi, na moyo mwekundu chini yake. Mwanamume mzima, nyumba inaungua, yeye anatuma moyo.

Ilikuwa Alhamisi, alasiri. Malori ya bara yalikuwa yamekwisha kushusha, soko limepoa, na harufu ya vitunguu na kabichi zilizochoka imelala juu ya lami. Griffin alikuwa juu ya ngazi, amempa mgongo ulimwengu, anamalizia mpini wa ufagio. Ukuta wote ulikuwa na watu wake: upande mmoja mwanamke anayefagia soko kabla hakujakucha, upande mwingine hamali ameinama chini ya gunia, na mwingine anavuta mkokoteni, mishipa ya shingo imemtoka. Katikati yao mama. Juu yao wote maneno matatu makubwa: HAWA NDIO SOKO.

Griffin alikuwa na doa la buluu nyuma ya sikio. Nyevu aliliona kabla ya kuona kitu kingine chochote, akajichukia kwa kuliona, maana vidole vyake vilitaka kulifuta.

"Shuka," alisema.

Griffin aligeuka akatabasamu. Kisha akaiona ndoo, na tabasamu likapungua. "Hiyo nyeupe ni ya nini?"

"Shuka kwanza."

"Nikishuka utanipiga?"

"Griffin, shuka."

Chini ya ngazi, juu ya mkokoteni wake, alikuwa ameketi Tinga, yule yule hamali aliyechorwa akivuta, anakula ndizi chini ya picha yake mwenyewe. Tinga na marehemu mzee Nguma, baba yake Nyevu, walikuwa watu wa mkokoteni mmoja: Tinga mbele anavuta, Nguma nyuma anasukuma. Alikuwepo siku mkokoteni uliporudi nyuma mteremkoni na mzigo wote, na Nguma asiwahi kuruka pembeni.

"Shuka, fundi," Tinga alimshauri. "Marehemu babake akikunja uso namna hiyo, mimi nilikuwa naacha mkokoteni nakimbia."

Griffin alishuka. Alifuta mikono kwenye suruali, akasimama karibu naye kuliko inavyofaa mbele ya watu. Nyevu alirudi nyuma hatua, si kwa hasira bali kwa kujihadhari, kwa sababu mtu huyu akisimama karibu alikuwa na tabia ya kumfanya asahau alichokuja kusema.

"Nimekupigia tangu Jumapili," Griffin alisema kwa sauti ya chini. "Hushiki."

"Nishike nikuambie nini? Mjomba anasema ukuta upakwe au usije. Nimekuletea rangi. Sijui nifanye nini zaidi, nikushikie na brashi?"

"Mimi sikujua ni mama yako. Nakuapia."

"Utakosaje kujua? Tumefanana."

"Mmefanana," Griffin alikubali. "Nilipokuwa nachora yale macho nilisema moyoni, nimekupenda hata sasa kila mtu namwona wewe."

Tinga alikohoa ndizi. Nyevu alimtazama, naye akageuka upande wa pili kwa adabu, masikio akayaacha huku.

Griffin alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuudhi. Nyevu alikuwa amemwambia kwamba mama yake ana biashara Kongowea. Basi yeye alijua mama mkwe ni mwenye kibanda, ana mizani, ana wasichana wa kumuuzia. Tangu apewe ukuta ule alikuwa akipita mbele ya vibanda vya wanawake wakubwa ameinamisha uso, anaamkia bila kutazama, anajigonga kwenye magunia, ili asije akamkodolea macho mkwe wake bila kujua. Wauza nyanya walimwona mwenye kiburi. Mwuza maembe mmoja alimwuliza kama shingo inamwuma. Kisha, baada ya heshima yote hiyo, alikuwa akija kukaa kitako mbele ya wanawake wanaochambua vitunguu, na huko akiangalia atakavyo, kwa sababu huko hakuwa na mkwe.

"Nilikuwa namkimbia mtu ninayemchora," alimaliza.

Nyevu alitaka kucheka, na hiyo ndiyo ilimkasirisha kabisa. "Kwa hiyo kosa ni langu. Kuchambua vitunguu si biashara?"

"Ni biashara. Aliyeionea haya ni nani?"

Alisema polepole, bila ukali, na ndiyo maana neno lilizama. Nyevu aliitazama ndoo. Alikumbuka siku waliyojuana, Griffin kaja dukani kutafuta rangi ya udongo, akakataa kila rangi aliyochanganyiwa, mpaka Nyevu akaudhika akamwambia achote udongo wenyewe apake. Griffin akauchota kweli, akarudi nao ndani ya kopo, akasema, changanya kama huu. Siku hiyo Nyevu alipoulizwa habari za kwao alijibu haraka haraka, mama ana biashara Kongowea, na ulimi haukumrudia kusahihisha.

"Usinigeuzie maneno," alisema. "Jumamosi ni keshokutwa. Paka."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Yote mawili." Griffin alielekeza brashi ukutani. "Mama anayefagia amewaleta watoto wake wampige picha pale. Tinga huyu hapa kila siku anakula chini ya sura yake, ukimwambia ahame hahami. Nikimfuta mama yako peke yake niwaambie nini hawa? Kwamba wao wamebaki kwa sababu hawana wakwe?"

"Mimi ninaye binti wa kuoza," Tinga alisema kutoka mkokotenini. "Kama kuna mtu anataka kunifuta aanze kwa kumchukua huyo."

"Tinga, tafadhali."

"Nimenyamaza."

Nyevu aligeuka kwa Griffin. "Basi chagua. Ukuta au mimi. Nimechoka kuwa katikati. Nikienda nyumbani, mjomba. Nikienda kazini, wewe kwenye simu. Nikilala, naota magoti ya mama."

"Unaniuliza swali ambalo jibu unalijua."

"Silijui. Ungekuwa unanichagua mimi ungekuwa na brashi nyeupe mkononi sasa hivi."

Griffin alimtazama tu, kwa yale macho yake mazito ya mtu anayepima rangi, na Nyevu alihisi kama anachorwa pale aliposimama, na hasira zake, na aproni yake. Mkokoteni mmoja ulipita, ukapiga kelele za magurudumu, ukaenda zake.

"Vizuri," Nyevu alisema. "Nitapaka mwenyewe."

Alifungua ndoo kwa bisibisi iliyokuwa ardhini, akachukua brashi pana, akasogeza ngazi mpaka chini ya miguu ya mama. Griffin hakumzuia. Alishika ngazi isiteleze, na hilo nalo lilimwudhi Nyevu, kwamba hata katika kumharibia kazi yake mtu huyu anajali asianguke.

Alianza na kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Brashi ikapita mara moja, kidole kikawa cheupe kama cha mtu aliyekanyaga chokaa. Akaichovya tena, akaipeleka kisiginoni, na hapo mkono ukasimama.

Kisigino kilikuwa na nyufa. Griffin alikuwa amezichora zote, na juu yake, karibu na kifundo, lile kovu la ukingo wa kreti ambalo mama hulipaka mafuta ya nazi kila usiku akidhani hakuna anayeona. Nyevu aliinua uso kufuata mguu, goti, mapaja yaliyolaliwa na maganda ya vitunguu, mikono, hadi akafika juu kabisa kwenye mdomo, na kutoka pale alipokuwa, chini yake, kicheko kile kilikuwa kikubwa kama mwavuli.

Hakuwa amekiona tangu baba afe. Baba alikuwa akilipenda lile pengo. Alikuwa akirudi jioni, mabega yamevimba, anakaa kizingitini, anamwambia mama, fungua dirisha mke wangu nyumba ipate hewa, na mama alikuwa akijizuia, anajizuia, kisha anacheka mpaka pengo lote linaonekana. Baada ya msiba dirisha lilifungwa. Mama akicheka, kama amecheka, huziba mdomo kwa ncha ya leso na sauti huishia humo. Nyevu alikuwa amezoea. Alidhani ndivyo uzee unavyoanza.

"Alikuwa anacheka nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Nani?"

"Mama. Siku hiyo. Alikuwa anacheka nini?"

"Mimi," Griffin alisema.

Ilikuwa siku ya kwanza, kabla hata hajapiga chokaa ukutani. Alikuwa amebeba kopo la rangi ya njano kichwani, anajidai anaweza kubeba kama wao, akakanyaga nyanya zilizooza, akaketi ndani yake, na lile kopo likammwagikia. Wanawake wote walicheka. Lakini yule mmoja, mwenye leso nyekundu, alicheka hadi akasahau leso yake, akaiachia ikaanguka kwenye vitunguu, akajishika mbavu.

"Sikuwahi kuona mtu akicheka vile," Griffin alisema. "Niliogopa kusahau. Niliwauliza wote kama niwachore, wakasema tuchore. Yeye akasema, ukinikosea sura nakudai kopo lingine la njano. Kumbe hakuamini kwamba nitafanya."

Nyevu alibaki juu ya ngazi, brashi inadondosha rangi tone tone. Akilini alijua kwamba mjomba yuko njiani kuja kukagua, kwamba Jumamosi inakuja, kwamba brashi moja tu na nyingine na nyingine na mambo yangetulia. Mkono ulikataa. Aliulaumu mkono, akamlaumu Griffin, akamlaumu na aliyeziacha zile nyanya njiani.

Pikipiki ilisimama nyuma yao. Mjomba Kombe aliteremka, kofia ya mkeka kichwani, fimbo mkononi ambayo haihitaji kwa kutembea. Nyevu alimwamkia kutoka juu ya ngazi, naye akaitika marahaba huku macho yakiwa ukutani.

"Kidole kimoja," alisema mjomba. "Nimetoka Magogoni kwa pikipiki kuja kuona kidole kimoja."

"Naendelea, mjomba."

"Naona unavyoendelea. Kwa mwendo huo mama yako atakuwa amefutika Krismasi." Akamgeukia Griffin, ambaye alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa. "Na wewe kijana. Kwenu mkwe hufanywa hivi? Huanikwa?"

Griffin alisema hapana, mzee. Alisema shikamoo, akaomba radhi, akaeleza tena habari ya kibanda na mizani. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, na kwamba kutojua hakumvishi mtu nguo. Ukuta uwe mweupe kabla ya jua kutua, na juu ya hayo kuna faini ya kumtazama mkwe, nayo ni mbuzi na mnazi wa kunywa, na mnazi usiwe wa jana.

Walikuwa wamefika hapo wakati mama alipotoka langoni.

Wenzake walikuwa wamempelekea habari kwamba bintiye yuko ngazini na ndoo nyeupe. Alikuja vile alivyokuwa kazini, maganda ya vitunguu yamemganda kifuani, leso ya kisutu, nyekundu yenye nakshi nyeupe, mabegani, ile aliyonunuliwa na baba na ambayo haivui hata kwa joto. Alipomwona Griffin aliuvuta upindo wa leso hadi puani, akageuka akampa mgongo.

Griffin naye aligeuka. Lakini alipogeukia ukuta alikutana na magoti ya mama mkwe, makubwa, mbele ya pua yake. Akageukia barabara haraka, huko akamwona mama mkwe mwenyewe kwa pembe ya jicho. Mwishowe aliinamisha kichwa akaikodolea macho ndoo ya rangi, maana ndiyo pekee mahali pale isiyokuwa mkwe wake.

"Nyevu," mama aliita.

"Abee mama."

"Huyo aliye nyuma yangu ndiye yule aliyekalia nyanya?"

Nyevu alishuka ngazi. "Ndiye, mama."

"Mwulize kama suruali ilitoka madoa."

Nyevu alimtazama mama, akamtazama Griffin, ambao hawakuwa mbali hata kwa mkono mmoja. "Anauliza kama suruali ilitoka madoa."

"Mwambie haikutoka," Griffin aliiambia ndoo.

"Amekusikia," Nyevu alisema.

"Mwambie vilevile," mama alisema.

"Mama, haikutoka madoa." Nyevu alipanua mikono. "Mnataka nini kingine? Niwasomee na habari?"

Mjomba Kombe aligonga fimbo chini. Alimwambia dada yake kwamba haya si mambo ya suruali, kwamba yeye kama kaka ndiye mwenye kumsitiri sasa Nguma akiwa hayupo, na kwamba ukoo mzima umemwona akiwa katika hali ile. Alisema mengi, na kwa upole kuliko Nyevu alivyotarajia, na mwishoni sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. Alikuwa ameona dada yake mdogo anachekwa na dunia, akataka kumfunika. Basi.

Mama alimsikiliza. Kwa kaka hakuhitaji mtu wa katikati.

"Kombe," alisema, "baba Nyevu alisukuma mikokoteni hapa mpaka mmoja ukamwua. Siku tuliyomzika, soko hili halikufunga hata kibanda kimoja. Nilirudi kazini nikakuta watu wanauliza tu, yule wa nyuma ya mkokoteni wa Tinga alikwenda wapi, jina hawalijui. Tangu Jumapili nikipita, wananiuliza, wewe ndiye yule? Mwuza mchele ananiuliza. Dereva wa lori. Nawaambia ndiye. Sasa unataka nirudi kuwaambia siye?"

Tinga alikuwa ameacha ndizi yake.

"Lakini miguu," mama aliendelea, na sasa sauti ikawa kali, na ukali ule haukuwa wa kaka yake. "Nyevu. Mwambie huyo kijana miguu sikuipenda. Miguu yangu aliijua baba Nyevu. Sasa inajulikana na kila anayekwenda Mtwapa. Mwambie nimekasirika."

"Amekasirika," Nyevu alisema.

"Mwambie ana haki," Griffin alijibu. "Mwambie nitafanya atakalo. Akisema nifute wote, nitafuta wote." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, na hili hakuiambia ndoo, alimwambia Nyevu, "Na wewe ulitaka jibu. Ndilo hilo."

Nyevu alijikuta hana la kutafsiri. Mama aliona, au alihisi, akamgeukia kaka yake.

"Kombe," aliuliza kisha, "mkwe akija kujitambulisha humletea nini mama mkwe?"

"Leso," mjomba alisema, kwa kutoelewa.

"Haya. Nyevu, mwambie zile za kwenye begi nitazipokea Jumamosi. Ya kwanza naitaka leo. Naitaka pale." Akanyanyua kidevu kuelekea magoti ya ukutani. "Anivalishe hadi kifundoni. Na hicho kidole akirudishie rangi yake, nisionekane nimepiga mguu mmoja poda. Miguu afunike. Dirisha asiliguse."

Nyevu alifungua kinywa kupeleka ujumbe, akaurudia kwanza moyoni. Hilo neno, dirisha, halikuwa limesemwa hivyo nyumbani kwao tangu baba afe.

Mama alivua leso mabegani. Aliikung'uta maganda, akaikunja, akampa Nyevu bila kutazama nyuma. "Mwambie aige hii hii. Nyekundu yake si kali, asije akaniwekea ya bendera. Na nyeupe naona umekwisha kumletea."

"Na faini?" mjomba aliuliza.

"Faini mdai Jumamosi. Kunywa ni wewe."

Mjomba Kombe alifikiri. Akasema kwamba kwa hapo, kama leso itafika kifundoni, na kama itakuwa imekauka kabla ya wageni, yeye ataacha mlango wazi. Akamwambia Tinga ampishe, akaketi kwenye mkokoteni asubiri kuona kifundo hicho.

Griffin, kichwa chini bado, alirudi nyuma kumpisha mama mkwe apite arudi kazini, kama alivyofundishwa na mama yake Rosalia tangu utotoni: rudi nyuma, rudi tena, usitazame. Alirudi kwa heshima zote. Mguu wake wa kushoto ukaingia ndani ya ndoo.

Rangi iliruka. Ilimpata gotini, ikampata Tinga, ikaifikia kofia ya mkeka ya mjomba. Griffin alijaribu kuutoa mguu, ndoo ikaja nao, akapiga hatua moja na ndoo yake, akasimama hapo wima, macho bado yameinamia chini kwa adabu.

Mama aligeuka. Mkono wake ulipanda kutafuta ncha ya leso, ukafika begani, ukakuta hakuna kitu, maana leso ilikuwa mikononi mwa Nyevu. Ukabaki hewani. Kisha kicheko kikatoka chote, kikubwa, kikavu, cha zamani, na pengo likaonekana hadi ng'ambo ya barabara.

Griffin hakuinua uso. Alisimama ndani ya ndoo, masikio yamemsimama, anasikiliza, kwa kuwa kutazama hakuruhusiwa.

Nyevu ndiye aliyetazama. Alitazama mpaka mama alipoingia langoni akicheka bado. Kisha akaenda kwa Griffin, akamshika bega asianguke, na kwa upindo wa leso ya mama yake akamfuta lile doa la buluu nyuma ya sikio.

"Toa mguu," alimwambia. "Jua linatua."